Ukili wa Kasuku

Harufu ya ukindu unaochemshwa na rangi siipendi, na asitokee mtu kunilazimisha niipende. Juzi nilipita kwa mama mmoja anayeshona mikeka, sufuria lake la rangi ya zambarau linatokota uani, mvuke ukanipiga usoni, na vidole vyangu hivi vya kizee vikaanza kuwasha vyenyewe. Yule mama akanivutia kiti, akidhani nimeshikwa na kizunguzungu. Nikamwambia, "Si kizunguzungu, bibi, ni kasuku." Akanitazama tu. Nanyi najua mnanitazama hivyo hivyo, basi kaeni niwahadithie.

Nimelelewa Tibirinzi, Chake, kisiwani Pemba, na bibi yangu mzaa mama. Mama alikufa mimi nanyonya, baba akenda Tanga kufanya kazi ya katani, akaoa huko huko, na salamu zake zikija zilikuja peke yake, hazikufuatana na kitu. Bibi akiitwa Bi Mize. Alikuwa mfupi, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa ulimi. Neno likimfika mdomoni halirudi nyuma. Akinipenda kwa kelele. Akiniita mke mwenzake, kama mabibi wanavyowatania wajukuu zao wa kike, na akigombana nami kama mke mwenza kweli. Alikuwa na mikarafuu michache ya urithi, nayo mwaka mmoja huzaa na miaka inayofuata hununa, kwa hiyo maisha yetu hasa yalikuwa ukili. Asiyeujua, ukili ni ule mkanda mwembamba unaosukwa kwa ukindu, yale majani ya mkindu. Ukishakuwa mrefu wa kutosha hushonwa ukawa mkeka. Mafuta ya taa yalikuwa ukili, chumvi ilikuwa ukili, na dagaa tuliokula jana yake walikuwa ukili vile vile.

Ukuta kwa ukuta na sisi alikaa Mzee Makame. Huyu alifanya kazi bara miaka mingi, mpaka Kigoma, akarudi uzeeni hana mke wala mtoto, ana sanduku la bati na kinda la kasuku. Kasuku wa rangi ya majivu, mkia mwekundu. Alimwita Karani, kwa sababu alipotembea alitembea kama karani wa forodhani, kifua mbele, na kila alicholetewa alikitia kasoro. Alijua kusema "Lete chai," na alijua kukohoa kikohozi cha Mzee Makame, kile chenyewe, cha kutoka tumboni. Wapita njia wakisikia husema, "Pole, mzee," naye hujibu, "Lete chai."

Nilipokuwa mdogo wa darasa la pili nikashikwa na homa. Sikumbuki mengi ya homa ile, nakumbuka dari tu, boriti zake zikitembea. Dawa za hospitali nilinywa, kombe la maandishi ya Kurani nilinywa, nikafukizwa, nikasomewa, mwili ukazidi kuwaka na macho hayafumbuki. Wiki ile ile Mzee Makame akafariki. Jamaa zake wa mbali wakatoka Mkoani, wakamzika, wakachukua sanduku la bati, na ndege wakamwacha pale pale barazani, maana hakuna aliyetaka kula naye sahani moja. Akawa anapiga kelele za njaa tangu asubuhi. Wanawake walikuwa wamekaa kunizunguka, wamekwisha kushusha sauti zile za kungojea jambo, na bibi kwa upande huu anamsikia mjukuu wake akikoroma, kwa upande ule anamsikia ndege akilia. Ndipo alipoinuka akanyanyua mikono.

"Yarabi, nakuwekea nadhiri! Mjukuu wangu akiinuka kwenye mkeka huu, ndege yule nitamlisha mimi, kwa jasho langu na kwa mkono wangu, asilale na njaa hata siku moja mpaka afe!"

Wanawake wakaitikia, "Amin." Alasiri yake nikafumbua macho nikaomba uji wa mchele.

Sasa msimcheke bibi yangu. Kwake yeye ndege ni ndege. Kuku wa miaka minne ni mzee, wa miaka mitano ni wa maajabu, bata anaweza kuzidi kidogo. Alipiga hesabu hiyo, akaona Mungu amemuuzia roho yangu rahisi sana, na akaenda kumchukua Karani na tundu lake huku akitabasamu.

Kipingamizi cha kwanza kilikuwa muhogo. Sisi nyumbani kwetu muhogo ndio chakula, wa kuchemsha, wa nazi, mkavu, hata tukisema "tumekula" maana yake muhogo. Karani akaunusa, akaushika kwa mguu, akautupa chini. Yeye mtu wa karanga, na karanga zilitoka bara, zikauzwa dukani mjini Chake kwa bei ya vitu vinavyovuka bahari. Alitaka na ndizi iliyoiva, lakini si iliyoiva mno. Alitaka na pilipili mbichi, akizitafuna kama peremende huku sisi tukimtazama machozi yanatutoka. Nusu ya kila alichopewa alikimwaga. Kisha akalila tundu. Lilikuwa la mti, akalitafuna likawa vumbi, na alipolimaliza akahamia kwenye fremu ya mlango wetu. Bibi akaagiza tundu la chuma kwa fundi bati, na mikeka yote tuliyoshona mpaka mfungo wa Ramadhani ikaenda kwa fundi.

Na kwa kuwa alisema "kwa jasho langu na kwa mkono wangu" mbele ya wanawake mtaa mzima, hakuna aliyeruhusiwa kumsaidia. Akaanzisha ukili wa peke yake, akauita ukili wa kasuku. Akishasali alfajiri alikaa akausuka huo kwanza, kabla ya kunywa hata kahawa, na mimi nikiugusa hunipiga kofi la mkono. Fedha yake aliifunga kwenye pembe nyengine ya kanga, isichanganyike na yetu. Basi ule ukili wetu sisi, wa chumvi na mafuta ya taa, ukawa wangu. Nikitoka skuli nasuka, nikitoka chuoni kusoma Kurani nasuka. Ukindu unakata, nyinyi. Vidole vyangu vilikuwa na michirizi kama vya mtu aliyepigana na paka. Nikijiiba kwenda kucheza, sifiki uwanjani nimeshaitwa, "Raya! Raya wee!" Narudi mbio, bibi yuko kisimani na wala hajafungua mdomo. Ni yule shetani wa majivu amejifunza sauti yake.

Wala hatukuweza kwenda mahali. Msimu wa karafuu watoto wenzangu walikwenda Mgogoni kwa jamaa zao, wakashinda wakichambua karafuu, wakacheka, wakarudi na fedha za nguo ya Idi na vidole vinavyonukia. Mimi nilibaki na Karani. Bibi hakuweza kulala nje ya nyumba hata usiku mmoja, maana ndege lazima ale kutoka mkononi mwake. Siku ndugu yake alipomwoza mtoto wake na haikuwezekana asende, alijitwika tundu kichwani akaingia nalo harusini, na Karani akakohoa khutba nzima ya ndoa. Watu wanaizungumza harusi ile mpaka leo, na si kwa sababu ya bibi harusi.

Mimi nikawa najipa moyo kwa hesabu ya kuku. Nilijiambia, miaka mitatu tena. Hata ile siku alipokuja bwana mifugo kuchanja ng'ombe wa jirani, bibi akamkaribisha kahawa barazani na kumuuliza kwa hadhari, kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa, "Huyu naye, bwana, atafika miaka mingapi tena? Miwili? Mitatu?"

Bwana mifugo akainama akamtazama Karani macho. "Huyu kijana bado, Bi Mize. Hawa wakitunzwa huishi miaka hamsini, sitini."

"Sitini ya nani?"

"Ya binaadamu, bibi."

Kikombe kikabaki hewani. "Lahaula wala kuwwata," akasema bibi, taratibu. Yeye mwenyewe alikuwa karibu na sitini, na alikuwa tayari na meno ya kuhesabika. Karani akakohoa. Mwanamke mmoja aliyekuwapo siku ya nadhiri akashindwa kujizuia, akasema, "Mdomo uliponza kichwa, yakhe," na mtaa mzima ukacheka siku hiyo isipokuwa nyumba yetu. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia. Nilikuwa mtoto, na nimeambiwa nitasuka ukili mpaka niwe ajuza.

Jumatatu yake tukaenda kwa Maalim Hamad, mwalimu wangu wa chuoni, mtu mpole aliyekuwa akijibu kila suala baada ya kimya kirefu. Nilikaa nyuma ya bibi nikamwomba Mungu amtie Maalim huruma. Bibi akaeleza. Maalim akasema kwamba kulisha kiumbe chenye roho ni jambo la thawabu, na nadhiri ya jambo la thawabu humlazimu mwenye kuiweka. Asiyeweza kabisa, Mungu anaijua hali yake, atatoa kafara, alishe masikini kumi.

"Na mimi naweza?" akauliza bibi.

"Wewe ndiwe unayejua, Bi Mize."

Bibi akajitazama mikono. Mimi moyoni nampigia kelele, sema huwezi, bibi, sema huwezi! Akasema, "Kusuka bado naweza, Maalim." Halafu akauliza, "Je, nikimpa mtu akae naye?"

"Umpe, umuuze, ni mali yako. Lakini neno lako lilikuwa kumlisha."

Tukarudi. Njiani alininunulia kashata, nikaipokea shingo upande, na hata utamu wake ulikuwa mchungu.

Miaka ikaenda hivyo. Zikaingia zama za siasa, watu wakagawana misikiti na maduka, na Karani akayaokota makelele ya mikutano, ya upande huu na ya upande ule, akayapiga yote mawili kwa pamoja barazani. Bibi alimfunika kanga na kuwaambia wapita njia, "Mwacheni, hana kura huyu." Mimi sikushughulika na siasa. Nilikuwa na jambo moja tu kichwani. Nilikuwa nimepasi mtihani, nimechaguliwa kwenda skuli ya wasichana Unguja, na shangazi yangu aliyeolewa huko akaleta salamu kwamba kitanda kipo, niende. Ilitakiwa nauli ya meli kutoka Mkoani, sare, viatu, godoro na sanduku. Kwetu hakukuwa hata na viatu. Mwaka ule mikarafuu ilinuna, na kilichopatikana kwenye ukili, nusu ilikuwa yetu na nusu ya Karani. Mwalimu wangu wa skuli akaja nyumbani mara mbili kuuliza, na mara ya pili aliondoka bila ya kumaliza chai.

Ndipo Bwana Saleh alipokuja. Huyu alikuwa tajiri wa duka mjini Chake, duka chini, nyumba juu ghorofani, na alikuwa amemsikia Karani akapendezwa. Akataja bei. Ah, bei ile! Ilikuwa nauli, ilikuwa sare na viatu na godoro, na ikabaki. Nilikuwa nimekaa na ukili mapajani, nikaacha kusuka. Bibi akamwambia, "Ahsante, bwana, ndege huyu hauzwi, ana neno." Bwana Saleh akasema basi, akifikiri vyengine ampelekee habari. Akashika fimbo yake akaenda zake.

Sikuwahi kumjibu bibi yangu vibaya, na siku ile pia sikumjibu vibaya. Niliweka ukili chini nikamwambia, "Bibi, Karani hali karanga. Ananila mimi." Sauti yangu ilikuwa ya chini, na naona hiyo ndiyo iliyomuumiza. Akaendelea kusuka, akakosea, akafumua, akasuka tena, akakosea pale pale. Siku mbili nilikuwa na hakika kwamba mlango umekwisha kufungwa. Niliwaza nitaolewa, nitahamia kwa mume, na atakapokufa bibi nitaletewa tundu. Niliyaona maisha yangu yote mpaka mwisho kama mtu anavyouona mkeka ulioshonwa.

Siku ya tatu akaondoka asubuhi na tundu kichwani. Alirudi kabla ya adhuhuri, kichwa kitupu, shingo yake imesimama kwa namna ya ajabu kwa kukosa mzigo. Akafungua pembe ya kanga akanimiminia fedha mapajani, juu ya ukindu.

"Kapime viatu," akasema.

"Na nadhiri, bibi?"

"Nimesikizana na Bwana Saleh. Nadhiri ni yangu, wewe ina kazi gani kwako? Nenda, fundi cherehani hangoji."

Nilijua ametoa kafara. Nilijua kwa sababu nilitaka kujua hivyo, na furaha haina masuali mengi. Nikaruka, nikambusu mikono, nikapima viatu. Mkoani, kwenye gati, alinishika kichwa akanisomea, akanipulizia usoni, na nilipopanda meli nilikuwa mwepesi kama niliyetuliwa gunia. Nilisema moyoni, Karani, kwaheri, leo tumeachana.

Unguja nilisoma. Nililala kitandani, nikajifunza jiografia na kushona kwa cherehani, na vidole vyangu vikapona vikawa vya msichana. Likizo nikija Pemba nilimkuta bibi amekonda, miguu imepasuka visigino, lakini ulimi ule ule. Asubuhi nikiamka simkuti. Akirudi husema alikwenda sokoni, ingawa mkononi hana kitu. Alfajiri kupitia pazia nilimwona anasuka kabla ya kahawa, na nikasema mazoea hayo, wazee hawaachi. Nilikuwa na mambo yangu, na vitabu vyangu, na lafudhi yangu mpya ya Unguja ambayo bibi aliicheka mpaka akashika mbavu.

Alifariki mwaka wa tatu wa masomo yangu. Khabari zilinifika zimechelewa, nikapata meli, na nilipofika Tibirinzi alikuwa amekwisha kuzikwa, ni siku ya khitma. Nikaingia kwa wanawake. Nikapokelewa na vilio, nikakaa, na pembeni yangu alikuwa amekaa mke wa Bwana Saleh, mama wa kistaarabu, ambaye sikuwahi kuzungumza naye. Alinipa mkono wa pole na hakuuachia.

"Tutamkosa, mwanangu," akasema. "Hakukosa hata asubuhi moja."

Nikamuuliza asubuhi gani.

Akanitazama kama anayepima kama namtania. Kisha akanieleza kwa sauti ya chini, Kurani ikisomwa upande wa wanaume. Bibi yangu alipomuuza Karani alitia sharti moja: ndege atakuwa wa Bwana Saleh, lakini kila asubuhi Bi Mize atakuja kumlisha kwa mkono wake, na mlango usifungwe kwake. Bwana Saleh alicheka akakubali, akidhani ni maneno ya wiki mbili. Bibi akaja kesho yake. Akaja masika, kanga imemganda mwilini kwa mvua, akakipanda kilima cha mjini na tope lake. Akaja siku za Idi. Akaja wakati watu wa mtaa wake wameapa kutokanyaga duka la Bwana Saleh kwa ajili ya siasa, akatukanwa njiani, na akaja.

"Na karanga," akasema yule mama. "Mume wangu ana magunia ya karanga dukani, mwanangu. Alimwambia, 'Bi Mize, chota tu, ndege ni wangu.' Hakutaka. Alinunua dukani kwetu, akalipa, akapanda ngazi, akamlisha ndege wetu. Chai nilimpa, hakunywa. Aliniambia akinywa hesabu itachafuka."

Nikamuuliza mpaka lini.

"Mpaka Jumatano. Alhamisi tukapata khabari."

Jamani, nililia. Wanawake wakanipangusa uso wakidhani nalia msiba, na msiba nilikuwa nimeshaulia melini. Nilikuwa nalia visigino. Alikuwa akisuka ukili wa kasuku, na baadaye ule wetu, uliokuwa wangu, akausuka vile vile, na bei ya Karani iko Unguja imegeuka viatu miguuni mwangu. Miaka yote nilihesabu ndege yule alivyonila: nguo ya Idi, Mgogoni, michezo. Sikuhesabu hata mara moja kwamba mimi ndiye niliyeinuka kwenye mkeka ule wanawake wameshashusha sauti, na kwamba kwa kila punje aliyomtia ndege mdomoni, bibi yangu alikuwa akizilipia pumzi zangu, kwa furaha, bila ya kuchoka, kwa Mungu, muuzaji ambaye kwake yeye hakuwa ghali. Mimi nilidhani tumefungwa wawili. Kumbe nilifungwa mimi peke yangu, na aliponiona nimefungwa akatafuta njia ya kunifungua mimi bila ya kujifungua yeye.

Maalim Hamad alikuwapo. Baada ya dua nikamfuata barazani nikamuuliza kama nadhiri ile imenirudia mimi. Akasema hapana, binti yangu, mwenye neno amekwenda nalo, wewe huna juu yako kitu. Nikamwambia ahsante, Maalim.

Asubuhi yake, kabla ya lori la Mkoani, nikapanda kile kilima. Bwana Saleh alikuwa ndiyo kwanza anafungua milango ya duka. Nikamwamkia, nikamwomba kibaba cha karanga, akanipimia kwenye karatasi. Nikaweka fedha juu ya meza. Alizitazama, akanitazama usoni, akafungua mdomo kutaka kukataa. Kisha akazipokea, akanionyesha ngazi ya kwa Karani.